"Mke Wangu, Nani Kakuliza?" Kumbe Ni Macho Makavu!

Macho mekundu yameleta maneno kwenye nyumba ngapi? Kabla hujamhisi mwenzio vibaya, soma hapa. Na kama macho mekundu ni yako, jua kwamba kuna kizibo kidogo kuliko punje ya mchele kinachoweza kukusaidia, lakini si kwa kila mtu na si hatua ya kwanza.

"Mke wangu, umelia?"

Hilo ndilo swali lililonipokea mlangoni karibu kila jioni kwa miezi mitano. Naingia nyumbani, mkoba begani, viatu mkononi, na kabla sijakaa mume wangu ameshageuza shingo kutoka kwenye TV. Namjibu sijalia. Ananitazama tena. Macho mekundu, kope zimevimba kidogo, na chozi linateremka shavuni mbele yake. Sasa hebu niambie msomaji, wewe ungeniamini?

Mwanzoni tulicheka. Yeye ni Simba damu, na ofisi yangu iko Mtaa wa Msimbazi, mtaa wenye makao makuu ya klabu yake. Basi akawa ananitania eti hatimaye na mimi nimekuwa Mwekundu wa Msimbazi. Mwezi wa tatu utani ukaisha, yakaanza maswali yenye miiba. Bosi anakunyanyasa? Kuna mtu huko ofisini? Nilikuwa nachoka, najibu kwa mkato, na jibu la mkato kwa mtu mwenye wasiwasi ni kama petroli kwenye moto. Mwishowe akanyamaza kabisa. Wenye ndoa mnajua: mume akinyamaza, ni heri angepiga kelele.

Baadaye aliniambia alishajipa jibu lake. Kuna mwanaume amenivunja moyo, na mimi namlilia kwenye mwendokasi nikirudi nyumbani.

Mwanaume mwenyewe alikuwa kiyoyozi.

MACHO MAKAVU YANAYOTOA MACHOZI

Mimi ni mhasibu kwenye kampuni inayouza vitambaa kwa jumla, ghorofa ya pili. Kutwa nzima macho yako kwenye kompyuta, nahesabu majora yaliyoingia na yaliyotoka. AC iko juu ya kichwa changu, inapuliza usoni kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Nikishuka chini kutafuta chakula nakutana na Kariakoo yenyewe: vumbi, moshi wa magari, mikokoteni, jua la utosini. Nikirudi juu macho yanawaka kama mtu kanitia mchanga. Halafu yanatoa machozi.

Hapo ndipo wengi tunapotea. Tunajiambia, macho yangu yana maji mengi kupita kiasi, makavu yatakuwaje? Lakini yanaweza. Jicho likikauka linauma, na likiuma linapeleka taarifa kwenye ubongo kwamba kuna hatari. Ubongo unafungulia bomba kubwa, kama vile unapokata kitunguu. Yale machozi ya dharura ni mengi lakini ni maji tu, hayakai jichoni. Yanamwagika shavuni, na baada ya dakika chache jicho limerudi palepale kwenye ukavu.

Machozi mazuri ni yale usiyoyaona. Yametandazwa juu ya jicho kama utando mwembamba sana. Yana ute unaoyashikilia kwenye jicho, yana maji yanayotoka hasa kwenye tezi iliyo juu ya jicho upande wa nje, na juu kabisa kuna mafuta kidogo yanayotoka kwenye tezi ndogondogo za ukingo wa kope. Yale mafuta ndiyo yanayozuia maji yasikauke upesi. Kila ukipepesa, utando huo unatandazwa upya.

Mtu aliyetulia hupepesa takriban mara 15 kwa dakika. Ukikodolea kompyuta au simu, idadi hiyo inaweza kushuka hadi nusu au chini ya hapo. Ongeza upepo wa AC au feni, na utaelewa kwa nini ofisi inaweza kukausha macho kuliko shamba.

KILA JICHO LINA BOMBA LA KUTOLEA MAJI

Sasa twende kwenye jambo ambalo mimi sikulijua mpaka nilipofikisha umri wa miaka 34. Simama mbele ya kioo, vuta kidogo kope ya chini ukiangalia kwenye pembe iliyo karibu na pua. Utaona kitundu kidogo kama kimetobolewa kwa sindano. Kope ya juu nayo ina cha kwake. Macho mawili, vitundu vinne.

Hivyo vitundu ndiyo mifereji ya kutolea machozi. Kila ukipepesa, machozi yaliyotumika yanasukumwa humo, yanapita kwenye kijibomba chembamba, yanaingia kwenye kifuko kilicho kando ya pua, halafu yanateremka puani na kooni. Ndiyo maana ukilia, makamasi yanatoka. Na ndiyo maana ukitia dawa ya matone, dakika moja baadaye unasikia uchungu kooni.

Kama umewahi kutazama juu ya jengo la Soko Kuu la Kariakoo, lile lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, unakumbuka yale mapaa ya zege yaliyokaa kama miavuli mikubwa iliyogeuzwa. Mvua ikinyesha, maji yanakusanyika katikati na kuteremka chini. Jicho nalo lina mteremko wake. Swali ni hili: mvua ikiwa haba, je, bado unataka bomba liachie kila tone?

Madaktari wa macho walijiuliza swali hilo zamani. Mwaka 1935 daktari Mmarekani, William Beetham, aliandika juu ya kuziba vitundu hivyo kwa kuviunguza kwa umeme ili machozi yabaki jichoni. Mwaka 1961 daktari Foulds wa Uingereza alieleza njia ya kutumia vijiti vya jelatini vinavyoyeyuka vyenyewe. Halafu mwaka huohuo wa 1975 ambao soko letu lilifunguliwa, Mmarekani mwingine, Jerre Freeman, akatangaza kizibo cha silikoni kinachoweza kuwekwa na kutolewa. Vizibo vinavyotumika sasa ni wajukuu wa kile.

Wakazi wa Dar tumezoea kulaani mifereji iliyoziba. Mvua zikianza, wa Jangwani wanahama na barabara inafungwa. Kwa hiyo daktari aliponiambia anataka kuniziba mifereji makusudi, nilicheka. Lakini kabla ya kufika huko, ngoja nikwambie ujinga wangu.

NILIVYOJITIBU MWENYEWE

Nilienda duka la dawa. Sikuandikiwa na mtu, nilisema tu, "Naomba dawa ya macho mekundu." Nikapewa kichupa. Siku mbili, macho meupe pee! Mume wangu akatabasamu, nyumbani kukawa na amani. Nikaacha kutia, wekundu ukarudi. Nikatia tena. Kichupa kikaisha, nikanunua kingine. Nilienda hivyo wiki saba.

Kilichonitia hofu ni maneno ya daktari aliposoma karatasi ya kichupa kile. Ilikuwa na steroidi. Dawa za aina hiyo zina kazi yake na madaktari wanazitumia, tena hata kwa macho makavu, lakini kwa muda mfupi na kwa kumfuatilia mgonjwa. Ukizitia ovyo kwa wiki na miezi, zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta glakoma, ugonjwa unaokula uoni kimyakimya na usiorudisha ulichopoteza. Zinaweza pia kuleta mtoto wa jicho kabla ya umri wake. Kwa bahati, presha ya macho yangu ilikuwa bado nzuri. Kuna watu hawakuwa na bahati hiyo.

Na vile vichupa vingine vya "kung'arisha macho"? Vinabana mishipa ya damu ili jicho lionekane jeupe. Dawa ikiisha nguvu, mishipa inapanuka tena na wekundu unaweza kurudi na nyongeza. Ukavu wenyewe uko palepale.

Kuna na wale wa asali, maji ya chumvi na maziwa ya mama. Jamani, jicho si kidonda cha mguuni. Usiweke kitu ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya jicho.

KARATASI INAYOPIMA MACHOZI

Siku ya kliniki, mume wangu alinisindikiza. Sitakudanganya, nadhani alikuja kuhakikisha kama kweli kuna kliniki.

Daktari, mama mmoja mtaratibu, alianza kwa maswali. Nalala saa ngapi? Navaa lenzi za jichoni? Nimewahi kufanyiwa upasuaji wa leza wa kupunguza miwani? Natumia dawa za mafua na aleji mara kwa mara? Maana dawa nyingi za aina hiyo zinakausha macho na mdomo. Mdomo je, unakauka? Viungo vinauma? Nilishangaa viungo vinahusiana vipi na macho. Kumbe kuna ugonjwa unaoitwa Sjögren, jina la daktari wa Sweden aliyeueleza mwaka 1933, ambapo kinga ya mwili inashambulia tezi za machozi na mate. Huwapata zaidi wanawake, na unaweza kwenda pamoja na baridi yabisi. Kisukari nacho, na kukoma hedhi, vinaweza kuleta macho makavu. Ndiyo maana haitoshi kutibu jicho bila kumwuliza mwenye jicho.

Halafu akanitia matone ya rangi ya njano na kunitazama kwa darubini yenye taa ya bluu. Akaniambia nisipepese, naye anahesabu utando wa machozi unachukua sekunde ngapi kabla haujapasuka. Chini ya sekunde 10 ni dalili mbaya. Wangu ulipasuka baada ya sekunde 4.

Kipimo kingine ni karatasi nyembamba inayokunjwa na kuning'inizwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5. Kinaitwa kipimo cha Schirmer, na kimetumika tangu mwaka 1903. Karatasi ikilowa milimita 10 na zaidi, kwa kawaida hakuna uhaba wa maji. Chini ya 5, uhaba ni mkubwa. Jicho langu la kulia lilitoa 6, la kushoto 4.

Mume wangu alikuwa amekaa pembeni, anaziangalia zile karatasi kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mtoto. Akamwuliza daktari kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo dokta, halii?"

"Halii, baba," daktari akamjibu. "Hana hata machozi ya kulilia."

HATUA KABLA YA KIZIBO

Nilidhani nitazibwa siku hiyohiyo. Haikuwa hivyo. Tezi za mafuta kwenye kope zangu zilikuwa zimeziba na kope zenyewe zimevimba. Daktari alieleza kwa lugha rahisi: ukiziba bomba wakati maji yenyewe ni machafu, unayafungia maji machafu jichoni. Uvimbe unatibiwa kwanza.

Kwa hiyo wiki sita za kwanza zilikuwa za kazi ya nyumbani. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, juu ya macho yaliyofumbwa, dakika 5 hadi 10 kila jioni, kisha kusugua ukingo wa kope taratibu. Machozi ya kutengenezwa mchana, yale yasiyo na dawa ya kuzuia kuharibika, kwa sababu ukitia zaidi ya mara nne kwa siku hiyo dawa nayo inaweza kulikera jicho. Wanja ndani ya kope, marufuku. Wanja unaopakwa pale ndani unaziba vinywa vya tezi za mafuta. Iliniuma, lakini nikautoa.

Nikapata nafuu, tuseme nusu. Lakini yale machozi ya kununua yalikuwa yanaisha jichoni baada ya saa moja, na kila siku kutia matone ofisini ni kero. Hapo ndipo vizibo vikaingia.

DAKIKA CHACHE TU

Kwanza niliwekewa vya majaribio, vya kolajeni, vinavyoyeyuka vyenyewe ndani ya siku chache hadi wiki mbili hivi. Maana yake ni kuonja: kama vikikusaidia bila kukufurikisha, unaweza kwenda kwenye vya kudumu. Vipo pia vya kati vinavyokaa miezi kadhaa kabla ya kuyeyuka. Vya kudumu ni vya silikoni. Urefu wake ni kama milimita moja hadi mbili, na daktari anapima kitundu chako kwanza kwa sababu vina saizi, kama viatu.

Kuviweka ni jambo la dakika. Tone la ganzi, unaangalia juu, daktari anakishika kizibo kwa kifaa chembamba na kukisukuma kwenye kitundu cha chini. Hakuna kisu wala uzi. Nilisikia kubanwa kidogo, basi. Kwa kawaida wanaanza na vitundu vya chini peke yake, na vya juu vinabaki wazi kuendelea kutoa maji. Mimi nilirudi kazini siku hiyohiyo.

Siku tatu za kwanza kulikuwa na mwasho kwenye pembe ya jicho. Mwiko mkubwa ni kusugua. Ukisugua kuelekea puani, unakitoa mwenyewe. Baada ya wiki nilijikuta saa nane mchana sijagusa kichupa cha matone tangu asubuhi. Hilo kwangu lilikuwa kubwa kuliko nyongeza ya mshahara.

SI MUUJIZA

Hapa naomba uwe makini, maana magazeti yetu yanapenda kusifia mpaka kupitiliza. Mwaka 2017 wataalamu wa Cochrane, taasisi inayochambua tafiti za tiba duniani, walipitia majaribio yaliyofanywa juu ya vizibo hivi. Hitimisho lao: wapo waliopata nafuu, lakini ushahidi kwa jumla bado ni mdogo na haujatulia. Mwaka huohuo jopo la kimataifa la wataalamu wa macho makavu liliviweka vizibo kwenye hatua ya pili ya tiba, baada ya kurekebisha mazingira, kope na matone.

Matatizo yapo. Kubwa kuliko yote ni kizibo kudondoka. Changu cha kushoto kilitoka mwezi wa pili, sikujua hata kilidondokea wapi, ikabidi niwekewe kingine cha saizi kubwa zaidi. Wengine wanafurikwa, machozi yanamwagika mashavuni, na kizibo kinatolewa. Mara chache kizibo kinazama ndani ya kijibomba au kinaleta maambukizi. Ukiona pembe ya jicho imevimba, inauma au inatoa usaha, usingoje Jumatatu.

Na kuna macho makavu ambayo ni habari nyingine kabisa. Mtoto anayekaukwa na macho kwa kukosa vitamini A anahitaji vitamini A, tena haraka. Mtu aliyeachwa na makovu ya vikope, ule ugonjwa ambao watafiti wameushughulikia Kongwa mkoani Dodoma tangu miaka ya 1980, anahitaji kope zake zitazamwe na mtaalamu. Jicho kavu ni dalili. Daktari anatafuta sababu.

DONDOO ZA MFANYAKAZI WA MJINI

* Geuza AC au feni isipulize usoni. Hiyo ni bure.
* Shusha kioo cha kompyuta kiwe chini kidogo ya usawa wa macho. Ukitazama chini, jicho halifunguki sana, na ukavu unapungua.
* Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20. Pepesa mara kadhaa, funga kope kabisa.
* Ukipanda bodaboda, vaa miwani au shusha kioo cha kofia ngumu.
* Ukivaa lenzi za jichoni, usilale nazo, na mwambie daktari kama macho yanawaka.
* Usinunue dawa ya macho kwa kutaja rangi ya jicho. Soma kama ina steroidi, na kama inayo, rudi kwa daktari.
* Ukipewa rufaa ya vizibo, piga simu kwanza kuuliza kama vipo na bei yake, na uliza vya majaribio kabla ya vya kudumu.
* Uoni ukififia ghafla, jicho likiuma sana au mwanga ukikuchoma, nenda hospitali siku hiyohiyo.

KWA WALIO WAWILI

Nimejifunza jambo moja la macho na jambo moja la ndoa.

La macho ni kwamba kizibo ni msaada mzuri kwa mwenye uhaba wa machozi aliyekwishatibiwa uvimbe. Kabla ya hapo, ni kufunga bomba kwenye nyumba ambayo hujajua inavuja wapi.

La ndoa ni hili. Mume wangu aliona chozi, akatunga hadithi. Mimi niliona maswali, nikatunga hadithi yangu kwamba haniamini. Miezi mitano hakuna aliyesema, "Twende tukapime." Ukimwona mwenzio macho mekundu, usianze na nani. Anza na tangu lini, na yanauma wapi. Na wewe unayeulizwa, usijibu kwa mkato hata kama umechoka. Mwenzio haoni mchanga ulio jichoni mwako, anaona chozi tu.

Siku hizi nikifika nyumbani mume wangu bado anageuza shingo kunitazama. Ni mazoea. Juzi Simba ilifungwa, nikamkuta kwenye kochi, macho yamemwiva.

"Mume wangu," nikamwuliza, "umelia?"

Akasema ni AC. Nikamkumbusha kwamba nyumbani hatuna AC.